Siku ya Kumi na Tisa

Mwanangu alipoingia hospitalini alikuwa na uzito wa kilo 18. Alipotoka alikuwa na 13. Nilimbeba mgongoni kwa leso ya mamake kutoka barabarani hadi nyumbani, miguu yake ikining'inia ubavuni mwangu kama ya mtoto wa mwaka mmoja, ingawa alikuwa ametimiza miaka mitano mwezi wa Agosti. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 6 Januari 2017. Ua wetu ulikuwa umejaa majirani. Shangazi yake, ambaye kwetu huitwa Senge, alikuwa amechinja jogoo, mzee wa kanisa ameshika Biblia tayari kwa maombi, na mtu mmoja akapaza sauti kwa furaha: "Mwalimu, mtoto amepona!" Nami nikaitikia kwamba amepona. Neno hilo nililiamini kwa siku kumi na nane.

Kwetu ni Ndalu, upande wa Tongaren, katika kaunti ya Bungoma. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mashamba yetu yalikatwa kutoka yale ya walowezi baada ya uhuru, na wazee wengi wa hapa walifika na vyeti vya mpango wa makazi mkononi. Kwa makaratasi sisi ni watu wa Bungoma. Kwa miguu sisi ni watu wa Kitale. Huko ndiko tunakouza mahindi na kununua viatu vya shule, na mtoto akizidiwa usiku, huko ndiko boda boda inakoelekeza taa yake, ingawa Kitale ni makao makuu ya kaunti nyingine, Trans Nzoia. Tangu huduma za afya zikabidhiwe serikali za kaunti mwaka 2013, mpaka huo usioonekana shambani umekuwa na uzito wake. Mtoto hutibiwa upande mmoja na kulala upande mwingine, na habari zake hupotelea katikati.

Ndalu iko juu, usiku wake una baridi, na malaria ya huku si kama ya kule chini. Kila Desemba watoto wetu hushuka kwa kukhu, mamake mke wangu, huko Bumula, kwenye miwa, binamu wa kucheza nao, na mbu wengi. Mtoto aliyelelewa nyanda za juu hushuka na mwili usiozoea vita hivyo. Mwaka huo wa 2016 nilimpeleka mwenyewe, kwa kuwa mke wangu alikuwa amejifungua katikati ya Novemba na nyumba ilihitaji utulivu. Nilifunga nguo zake, nikafunga viatu, nikafunga hata mpira wake wa makaratasi. Chandarua nilikisahau kitandani. Jambo hilo bado hunijia usiku.

Alirudi Jumamosi tarehe 10 Desemba akiwa mchovu. Jumapili akapata joto. Tukampa dawa ya homa, tukamfuta kwa kitambaa chenye maji. Alfajiri ya Jumatatu, Sikukuu ya Jamhuri, nilisikia kitu kikigonga ukuta. Degedege. Neno hilo nilikuwa nimelifundisha darasani kwa miaka kumi na moja. Nilikuwa nimewaeleza wanafunzi kwamba wazee wa pwani walilihusisha na ndege mkubwa anayepita juu ya mtoto usiku. Lakini sikuwa nimeliona kwa macho. Macho ya mwanangu yalikuwa yamegeukia upande mmoja, meno yameumana, na mkono wa kushoto ulikuwa ukipiga ukuta kwa mpigo mmoja usiobadilika. Mimi niliyekuwa na maneno ya kila kitu nilikosa hata la kumwamshia mke wangu.

Siku hiyo ilikuwa ya nane ya mgomo wa madaktari. Mgomo ulikuwa umeanza tarehe 5 Desemba na ungeendelea kwa siku 100, hadi tarehe 14 Machi 2017. Hospitali za serikali nchini kote zilikuwa kimya. Siwalaumu waliogoma, walikuwa wakidai mkataba uliotiwa saini mwaka 2013, na mtu anayetibu watoto wetu anastahili kutimiziwa ahadi. Nasema tu jinsi mambo yalivyotukuta. Zahanati ya mtu binafsi mjini ilimdunga sindano ya malaria na kumwekea maji ya mshipani, kisha daktari wake akaniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, huyu anahitaji mashine. Hapa hatuna."

Nyuma ya ambulensi tulikuwa watatu: muuguzi kijana, mimi, na mtoto asiyejibu. Njiani pumzi yake ikaanza kukatika. Inakuja, inakaa, inakuja. Muuguzi akaikandamiza barakoa usoni mwake kwa mikono yote miwili na kuninyooshea mfuko wa mpira kwa kidevu. "Baba, shika. Finya. Hesabu moja, mbili, tatu, finya tena. Usiharakishe." Nilifinya. Kila nilipofinya kifua chake kidogo kilipanda, na nilipoachia kikashuka. Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa makini kama ile. Kila gari lilipoingia shimoni niliogopa kwamba nimeruka hesabu.

Miaka michache baadaye nilisoma kwamba uangalizi wa wagonjwa mahututi kama tunavyoujua leo ulianza kwa mkono vilevile. Mwaka 1952 polio iliuvamia mji wa Copenhagen, na daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akamwokoa msichana wa miaka 12, Vivi Ebert, kwa kumtoboa koo na kumpulizia hewa kwa mfuko. Mashine hazikutosha, basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu, wakifinya mifuko mchana na usiku. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, na mara nyingi huishia hapo. Mimi kilichonigusa ni kilichofuata. Vivi hakurudi kuwa yule wa zamani. Alibaki amepooza, akitegemea mashine kupumua, hadi alipofariki mwaka 1971. Hiyo ni miaka 19 ya kugeuzwa kitandani, kulishwa, kuoshwa, kusomewa. Usiku wa kuokolewa kwake una jina la daktari. Ile miaka 19 ni kazi ya watu wengi wasioandikwa popote.

Hospitali iliyompokea mwanangu sitaitaja. Watu wake walimrudishia pumzi, nami nitawashukuru mpaka kufa. Alikaa siku tisa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akaongezwa damu, akapumuliwa na mashine. Niliruhusiwa kumwona nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Usiku nililala kwenye benchi ya korido, koti langu likiwa blanketi. Mke wangu alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, na kila jioni nilimpigia simu nikamwambia neno moja tu, "yupo," kwa sababu sikuwa na jingine la hakika.

Alipohamishiwa wodini nilijikuta baba pekee kati ya akina mama. Wao ndio walionifundisha kazi. Mwanangu alikuwa bado analishwa kwa mpira wa puani, nami nilikuwa nikiyasukuma maziwa kwa bomba ili yaishe upesi, naye akikohoa. Mama mmoja aliyetoka upande wa Kapenguria, mwenye binti aliyeungua kwa uji, alikuja akaninyang'anya bomba kwa upole. Aliondoa kile kijiti cha kusukumia, akaliinua bomba tupu usawa wa kidevu cha mtoto, akamimina maziwa kidogo kidogo. "Usisukume, Baba. Acha yashuke yenyewe. Ukiona yanakwenda mbio, shusha mkono." Tuliyatazama yakishuka pamoja, mimi na yeye, kama watu wanaotazama mvua ikijaza pipa.

Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi moja. Ilikuwa na jina la ugonjwa, dawa za siku tano, na maagizo kwa Kiingereza kwamba arudi baada ya mwezi. Deni lilikuwa limetuchelewesha siku nne zaidi, mpaka walimu wenzangu walipofanya harambee. Nilikuwa na haraka ya kuondoka, nao walikuwa na haraka ya kitanda; walikuwapo watoto wengine wakisubiri. Hakuna aliyeniuliza tunakaa wapi, zahanati iliyo karibu ni ipi, wala nani atamtazama mtoto huyu wiki ijayo. Nami sikuuliza. Nilidhani kazi imekwisha.

Usiku wa kwanza nyumbani simu yangu ililia ule mlio mfupi wa betri inayokaribia kuisha. Mtoto aliamka akipiga mayowe, akashika koo lake kwa mikono yote miwili. Ilitubidi kufikiri kwa muda kabla ya kuelewa: mlio ule ulifanana na wa mashine zilizokuwa zikilia kichwani pake siku tisa. Tangu siku hiyo simu zote zililala jikoni. Alikataa pia kulazwa chali. Alilala kifuani mwangu akiwa amekaa nusu, na kila niliposogea alinishika shati. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi za ng'ambo walichapisha maelezo ya hali inayowapata watoto baada ya kutibiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi: mwili hudhoofika, kumbukumbu huyumba, hofu huingia, na familia nzima huugua pamoja na mtoto. Mwaka 2017 huko Ndalu hatukuwa na jina lake. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema tumemdekeza.

Lakini lililonivunja ni maneno. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili sanifu kwa sababu ya kazi yangu, na mtoto huyu alikuwa msemaji. Siku ya tatu alitaka kikombe chake cha bati. Alitazama rafuni, midomo ikatafuta, kisha akasema: "Papa, nipe kile."

"Kipi, mwanangu?"

"Kile. Kile changu."

Jioni alitaka mkate, akasema, "Ule." Kuku alipoingia jikoni akaonyesha kwa kidevu: "Yule! Yule anakuja." Embe likawa "lile". Majina yote yalikuwa yametoroka. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, na mke wangu akaniacha nilie. Ndipo baadaye usiku, nikiwa macho kama kawaida, nikaanza kufikiri kama mwalimu. Asiyelijua jina la kitu hawezi kuijua ngeli yake. Kama kikombe kilikuwa "kile" na mkate ulikuwa "ule", bila kukosea hata mara moja, basi kikombe na mkate vilikuwa bado mle ndani, nyuma ya mlango uliokwama. Mwanangu hakuwa amesahau. Alikuwa hafikii.

Mambo hayo ya mlango nitayarudia. Kwanza siku ya kumi na tisa.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 24 Januari. Alikuwa mlegevu tangu asubuhi na hakutaka uji. Nilijiambia ni uchovu wa mtu anayepona. Ndivyo neno lile lilivyonidanganya. Mke wangu ndiye aliyekataa. Alimfunga mgongoni, mtoto mchanga akamwachia Senge, akaenda kwa miguu hadi zahanati yetu. Sista, muuguzi wa pale, hakugusa kipimajoto kwanza. Aligeuza kiganja cha mtoto, akakilaza juu ya chake mwenyewe, akaviangalia viwili hivyo karibu na dirisha. Cha mtoto kilikuwa cheupe kama unga. Akauliza: "Mama, huyu alitoka hospitalini lini? Mbona sikuambiwa?"

Mbona hakuambiwa. Yeye anaishi umbali wa dakika ishirini kutoka kwetu. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria tena, na damu ilikuwa imeshuka karibu na pale ilipokuwa Desemba. Sista alituandikia barua ya rufaa, akasimamisha boda boda mwenyewe barabarani, na usiku huo mtoto akaongezwa damu katika hospitali ya misheni. Kama tungengoja mwezi ule ulioandikwa kwenye karatasi, tungemrudisha akiwa maiti.

Nilidhani tulikuwa na bahati mbaya isiyo ya kawaida. Sivyo. Mwaka 2022 mtandao wa watafiti uitwao CHAIN ulichapisha matokeo ya kuwafuata watoto 3,101 wa chini ya miaka miwili waliolazwa katika nchi sita za Afrika na Asia Kusini, zikiwemo hospitali za Kilifi, Nairobi na Migori. Walifuatwa kwa miezi sita. Karibu nusu ya vifo vyote vilitokea baada ya watoto kuruhusiwa kwenda nyumbani. Soma tena sentensi hiyo, msomaji. Hao ni watoto waliokwisha kushangiliwa uani, jogoo amekwisha kuchinjwa.

Na dawa ipo, angalau kwa baadhi. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya na Uganda kwa watoto wa chini ya miaka mitano waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu. Walipewa dawa ya malaria katika wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kutoka, hata kama hawakuwa wakiumwa. Vifo na kulazwa tena vilipungua kwa asilimia 70 katika kipindi hicho cha dawa, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza utaratibu huo. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mtoto huondoka wodini na damu mpya lakini hurudi kwenye mbu walewale, na mwili hauna nguvu ya vita vya pili. Mwanangu alikuwa amepita umri wa utafiti ule kwa miezi mitano tu. Nimehesabu mara nyingi: wiki ya pili ingeangukia Ijumaa, tarehe 20 Januari. Siku nne kabla.

Baada ya hapo sista alimchukua kuwa wake. Alifungua kitabu cha mtoto cha kliniki ili amwandike, akakuta kimefika mwisho, kwa kuwa kurasa za kupima ukuaji huishia miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano na nusu hakuwa na mahali pa kuandikwa. Kliniki ya watoto ni ya chanjo na mizani ya wachanga. Basi sista akanunua daftari dukani, lile la jalada la samawati wanalotumia wenye maduka kuandikia madeni, akapiga mistari kwa rula: uzito, kiganja, joto, anakula nini, anatembea vipi. Kila Jumanne tulikuwa pale. Kwa mizani, utepe wa kupimia mkono na macho yake mawili, mama yule alifanya kazi ambayo hospitali kubwa haikuwa na njia ya kuifanya.

Mazoezi tulifundishwa mjini na daktari wa viungo ambaye tulimwona mara sita tu, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi na mtoto asiyetembea ilikuwa mzigo. Mara ya pili alichukua kalamu akanichorea vyuma viwili sambamba na kuandika vipimo. Jirani yetu seremala akavisimamisha uani kwa miti ya mkaratusi, akiilainisha kwa msasa mpaka iteleze mkononi. Alipima urefu kwa kumsimamisha mtoto na kumwekea rula kiunoni. Hakutaka malipo. Mwezi wa Februari watoto wangu wawili walikuwa wakijifunza kazi moja juu ya mkeka mmoja, mchanga akiinua shingo na kaka yake akijaribu kukaa bila kuegemea. Machi akasimama kati ya miti. Aprili akapiga hatua nne, mguu wa kushoto ukiburura. Chakula chake kilikuwa uji wa wimbi wenye maziwa na njugu za kusaga, mayai, na mboga za murere za kukhu, aliyepanda kutoka Bumula akakaa nasi miezi mitatu bila kuulizwa.

Na mlango? Daktari huyo wa viungo alinishauri nisimtajie mtoto jina la kitu. Nimpe silabi ya kwanza kisha ningoje. Nilijaribu, haikufaa, na nilipoelewa kwa nini nilishangaa. Katika Kiswahili silabi ya kwanza mara nyingi ni ngeli tu, na ngeli alikuwa nayo tayari. Nikisema "ki", simsaidii chochote. Ilinibidi nimpe ya pili. "Kiko..." nikasema, nikanyamaza. Akatazama rafu. Nilihesabu kimoyomoyo kama ndani ya ambulensi, moja, mbili, tatu, na kabla sijafika kumi akasema, "...mbe." Kikombe! Tulilirudia mpaka mke wangu akatuambia tunywe basi hiyo chai. Kila jioni tulifungua maneno mawili, matatu. Kufikia Mei alikuwa na majina mengi kuliko "kile".

Kisha tarehe 5 Juni 2017 wauguzi wakagoma, nao walikaa nje hadi mapema Novemba, miezi mitano. Zahanati ilifungwa kufuli. Mvua ilikuwa nyingi na nyasi zikaota mbele ya mlango. Nataka ieleweke maana ya jambo hilo mahali kama Ndalu. Mjini, hospitali ya serikali ikifungwa, mwenye fedha huvuka barabara. Kijijini zahanati ndiyo barabara yenyewe. Sista alikuwa mwaminifu kwa wenzake, hakuingia kazini. Lakini Jumanne alipita kwetu akiwa na gauni la nyumbani, akakaa chini ya mwembe na daftari lake mapajani kama jirani aliyekuja kunywa chai. Hakumdunga mtu sindano. Aliangalia kiganja, akaandika. Mwanangu alipata homa mara mbili katika miezi hiyo, na mara zote mbili tuliwahi.

Januari 2018 alirudi nasari, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Mwalimu wake nilimwomba jambo moja: akimwuliza swali, angoje. Wengi wetu walimu hungoja sekunde moja kisha tunamgeukia mwingine. Mtoto huyu alihitaji kumi. Watafiti wa Kilifi na wa Kampala wameonyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne wanaonusurika malaria iliyopanda kichwani hubaki na kasoro ya muda mrefu katika kujifunza, kusema au kutembea, au hubaki na kifafa. Basi katika madarasa yetu ya magharibi mwa Kenya wamo watoto wanaoitwa wazito, na hakuna aliyeuliza kama waliwahi kulala wodini wakiwa wadogo. Mimi mwenyewe nimewaita wanafunzi wazito. Sasa mzazi akiniletea mtoto mpya huuliza historia ya ugonjwa kabla ya historia ya alama.

Mwaka 2025 mwanangu aliingia gredi ya saba. Ana kifua kipana, anakimbia, anachunga ng'ombe na kubishana na mdogo wake kuhusu mpira. Mkono wa kushoto hufunga vifungo polepole. Neno refu likimkwama hutazama juu, kana kwamba rafu ile ya kikombe bado iko pale, kisha neno humfikia.

Watu wa heri wanapouliza kijiji chetu kinahitaji nini, husikia haraka neno mashine. Mashine ziongezwe, ndiyo. Mwanangu yupo kwa sababu ya mashine. Lakini zahanati yetu ilihitaji pia vitu vya bei ya kuku watatu: kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni, dawa ya malaria isiyokatika, na taarifa. Hasa taarifa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba yenye mizani na vipimajoto. Wetu hupita nyumba hadi nyumba, nami nimemwona akifanya kazi kwa moyo. Hata yeye, mtoto akitoka hospitali ya mbali, hupata habari kwa majirani, sokoni, siku ambayo Mungu amependa.

Ombi langu ni hili, kwa wakuu wa afya wa Bungoma na Trans Nzoia, na kwa hospitali yoyote inayowalaza watoto wetu. Mtoto anaporuhusiwa, kabla mzazi hajafika getini, muuguzi mmoja apige simu zahanati ya kwao: jina, kijiji, ugonjwa, alivyokuwa alipoondoka, na siku ya kuonwa, isiyozidi ya saba. Simu hiyo isijali mpaka wa kaunti. Na wewe mzazi, usitie saini karatasi ile mpaka wakuambie ni nani atakayemwangalia mwanao kiganja wiki ijayo. Wasipokuwa na jibu, mpeleke mwenyewe zahanati ya karibu kesho yake asubuhi, hata akiwa anacheka, umwambie sista: huyu ametoka hospitalini jana, naomba umwandike.